Sauti Iliyotaka Niseme Ndiyo

Kundiawa, mlimani
6 Februari 2012

Mdogo wangu Gande,

Nakusalimu wewe, namsalimu na wifi yangu Galia, na joto lenu la huko kisiwani Kimbe nalisalimu pia maana huku tunatetemeka. Ukungu umekaa bondeni wiki nzima na kahawa imekataa kukauka, tunaianika asubuhi na kuianua mchana kama nguo za mtoto. Shangazi Dama magoti bado yanamsumbua, ila mdomo ni mzima kabisa. Juzi alimwambia padre kwamba misa yake inazeesha watu. Nguruwe jike amezaa, na wanawe wanachimba viazi vyangu kana kwamba walipanda wao.

Tumemaliza matanga ya mume wangu Siwi. Ndugu zake walifukia nyama na mawe ya moto shimoni, ikaiva, watu wakala. Kisha shemeji Mondo akasimama katikati akauliza: "Siwi alikuwa mtu wa nguvu. Nani alimmaliza?" Mimi nilikuwa nagawa viazi. Niliendelea kugawa.

Uliniuliza kama napata usingizi. Napata kidogo. Siku za Alhamisi nashuka mjini, kuna kikundi cha wanawake tunasuka mifuko ya kamba na kupiga soga. Kinanisaidia. Usiwe na wasiwasi na mimi.

Ila ukimwandikia Shangazi usimtajie kikundi. Hajui kwamba nakwenda.

Dada yako,
Apolonia


Kimbe, kambi ya michikichi
19 Machi 2012

Dada Apolonia,

Barua yako imefika ikiwa imelowa utadhani imeogelea kutoka Lae. Nimeianika kwenye kamba pamoja na soksi zangu, ndipo nikaisoma. Sisi tupo. Mvua kila mchana, mbu kila jioni, na msimamizi wetu anapiga kelele saa zote katikati. Galia anakusalimu. Anasema natafuna popoo mno na meno yangu sasa ni mekundu kama ya babu.

Dada, kuna mtu wa kwetu amehamia hapa kambini, Kale, yule wa ukoo wa shemeji zako. Tulikuwa tumekaa tunatafuna, akaanza kucheka. "Gande, dada yako siku hizi anabishana na viazi. Watu wamemsikia bustanini. Anaongea, ananyamaza kama anayejibiwa, halafu anaongea tena."

Na mimi nikacheka. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikatema popoo yote.

Unakumbuka yule mwanamke wa ng'ambo ya mto waliyemwita mchawi, na walivyomfanyia. Jina lake siliandiki hapa. Walimwanzia kwa kisa kidogo kuliko hicho.

Tena Kale anasema kikundi cha Alhamisi kinakaa nyuma ya kliniki, na wanaokaa pale hakuna anayesuka chochote. Niambie ukweli. Mimi ni mdogo wako lakini si mtoto.

Gande


Kundiawa
22 Aprili 2012

Gande,

Nashukuru kwa habari za hapo, na kwa sukari uliyompa mtu wa meli, imefika nusu, nusu nyingine ameinywa yeye. Shangazi anakuombea. Mvua imepungua.

Haya, ukweli. Nina virusi vya ukimwi. Siwi alikuwa navyo, naye hakuniambia, labda hata yeye hakuambiwa. Namezea dawa jikoni kwa siri. Na tangu tumzike, namsikia. Si ndoto. Nikipalilia anasimama nyuma yangu ananilaumu, na nikimjibu ndipo watu wananiona naongea peke yangu.

Kikundi ni cha watu kama mimi, wenye virusi na wenye vichwa vinavyowasumbua. Muuguzi hutuletea birika la maji ya moto kisha huondoka, kwa sababu wanaoongoza ni wagonjwa wenyewe. Kiongozi wetu ni Kesia wa Gumine, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutimua kuku. Aliwahi kulazwa kule Moresby kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Siku ya kwanza nilikaa pembeni nimejifunika kanga usoni. Akaniuliza, kama mtu anavyouliza habari za mtoto mchanga, "Sauti yako ya kiume au ya kike?"

"Ya kiume. Ni ya mume wangu."

"Anasemaje?"

"Ananilaumu."

"Afadhali wewe. Mimi wa kwangu ananiita nguruwe. Miaka yote hiyo hajajifunza tusi jipya!"

Watu wakacheka, Gande, na mimi nikacheka, kisha nikalia mpaka kanga ikalowa. Hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Yupo pia Philemon, aliyekuwa dereva wa lori la barabara ya Lae. Aliwahi kuacha dawa zake akidhani muuguzi anamwekea sumu. Kesia alikuwa anamfuata nyumbani kila asubuhi na vidonge vyake mwenyewe mkononi. "Wewe meza vyako, mimi nameza vyangu, tuone nani anakufa kwanza." Mpaka leo hakuna aliyekufa.

Tuna masharti mawili. Linalosemwa pale linabaki pale, na haya nakwambia kwa ruhusa yao. Na mtu asipoonekana Alhamisi, wenzake wanakwenda kumtafuta.

Sasa nikwambie kinachonitisha. Teine, binamu yake Siwi, amefariki wiki ya Pasaka. Alikuwa mzima, akashikwa na homa, akaisha. Kwenye msiba wanawake walisogea mbali nami, na mke wa Mondo akamnyanyua mwanawe kutoka mapajani mwangu bila kusema neno. Jana asubuhi nilisukuma mlango ukakataa. Ulikuwa umefungwa kamba kwa nje. Wanadhani usiku natoka nimegeuka popo.

Shangazi ndiye aliyenifungulia. Alikata kamba kwa kisu cha viazi.

Na wewe? Galia aliandika mstari mmoja pembeni mwa barua yako, herufi ndogo kama sisimizi, kwamba umekonda. Umekonda kwa nini?

Apolonia


Kimbe
30 Mei 2012

Dada,

Salamu baadaye. Toka hapo. Chukua Shangazi, chukua dawa zako, waachie nguruwe na kahawa, shuka mjini uingie kanisani ukae. Watu wanaofunga mlango kwa kamba leo, kesho watakuja na kuni. Wewe unalijua neno wanalolitumia. Sanguma, mchawi. Wanaamini mtu anaweza kula moyo wa mwenzake aliyelala, na wakishaamini hivyo hawasikii padre wala polisi.

Na hicho kikundi kiache. Ukikaa na vichaa utaitwa kichaa, ukikaa na wenye virusi watu watahesabu siku zako. Watakusaidia nini, watu ambao hata wao wenyewe hawajiwezi?

Siwezi kuja. Usiniulize. Ni kazi.

Kukonda ni joto tu.

Gande


Kimbe
11 Julai 2012

Dada Apolonia,

Hujajibu. Najua meli zinachelewa. Najua posta ya Kundiawa hufungwa karani akienda msibani. Nimejiambia hayo yote.

Kale ameacha kukaa nami. Nilimfuata kwenye foleni ya maji nikamuuliza, "Kuna habari gani za nyumbani?" Akaangalia ndoo yake. Nikamshika shati. "Kale, dada yangu yuko wapi?" Akasema, "Niache, Gande, mimi sikuwepo." Sikuwepo wapi, dada? Kuna nini ambacho yeye hakuwepo?

Kama yupo yeyote anayesoma barua hii badala yake, naomba aniandikie, hata iwe habari mbaya. Galia ameniambia nisimalizie kwa maneno haya lakini sina mengine.

Gande


Kundiawa mjini
14 Agosti 2012

Gande mdogo wangu,

Niko hai. Nimelitanguliza hilo kabla ya salamu. Shangazi naye yupo, tunalala chumba cha nyuma kwa Kesia, na anamfundisha Kesia kupika kana kwamba Kesia ni mtoto wa jana. Mwandiko huu ni wa Philemon. Mimi nasema, yeye anaandika, kwa sababu mkono wangu wa kulia umeungua.

(Mimi Philemon nakusalimu, ndugu. Anaendelea vizuri, ila anasema nina mwandiko wa kuku.)

Ilikuwa mwezi wa sita, asubuhi ya Alhamisi. Nilikuwa nanawa miguu ili nishuke mjini. Mondo akaja na wanaume wa ukoo, akasema kwa upole kabisa, "Shemeji, twende ukatujibu." Walinipeleka kwenye uwanja wa kuanikia kahawa. Moto ulikuwa umeshawashwa, na chuma kilikuwa ndani yake. Shangazi alinifuata akipiga mayowe, wakamkalisha chini.

"Moyo wa Teine umeuficha wapi?" Mondo akauliza.

"Sijui mnachosema."

"Tunakuuliza kwa heshima. Umeuficha wapi?"

Hapo ndipo Siwi alipokuja. Alisimama nyuma ya sikio langu kama bustanini, lakini safari hii hakulaumu. Alinibembeleza. Sema ndiyo, akaniambia. Sema ndiyo, Apolonia, upumzike. Umeuzika chini ya mgomba wa pili, penye jiwe. Nikauona mgomba. Nikaliona na jiwe, na udongo uliochimbuliwa. Gande, chuma kilinitisha, lakini kilichonitisha zaidi ni kwamba nilianza kuamini. Nilijiuliza, labda kweli nimefanya na nimesahau.

Wakanishika mkono. Hilo la chuma sitalieleza.

Kesia hutuambia kikundini, sauti ikikuamuru jambo, litamke mbele ya mtu unayemwamini ulisikie linavyosikika. Mimi pale ningemtamkia nani? Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

Jua lilikuwa limeshapanda ndipo nikawaona wa kikundi kwenye njia. Walikuwa wanapanda wakihema, Kesia mbele ameshika kiuno, Philemon, na wengine wote wa kikundi, hata yule mama ambaye huwa haongei. Hakuna aliyebeba hata fimbo. Walipita katikati ya wale wanaume, wakaketi chini kunizunguka. Kesia akafuta jasho, akaniambia, "Leo Alhamisi, na hukuja."

"Nimechelewa," nikasema. Ndilo neno lililotoka.

"Nyie ni nani?" Mondo akafoka.

"Wagonjwa," Kesia akamjibu. "Wote hawa. Tuna virusi, na vichwa vyetu ndivyo hivyo. Huyu ni mwenzetu. Mgonjwa ukimuuliza kwa moto atakujibu chochote. Mimi ukiniwekea hicho chuma nitakwambia nimekula mwezi. Utakwenda kuutafuta?"

Mmoja akacheka, akanyamaza haraka. Mondo akasema, "Ondokeni, au mtaungua naye."

"Basi ongezeni kuni. Tuko wengi, na mimi mnene."

Anajua kuongea, Gande, lakini bega lake lilikuwa limegusa langu, na lilikuwa linatetemeka kama la mtu mwenye malaria.

Sasa sikiliza. Kati ya wale wanaume alikuwepo mmoja ambaye Kesia alimfahamu. Mtu huyo huja kliniki kwa mlango wa nyuma, tunapokaa sisi, ameshusha kofia usoni, anachukua dawa zake na kuondoka. Kesia akamtazama. Naye akajua anatazamwa. Ningekuwa na chumba ningemficha, jinsi uso wake ulivyokauka. Neno moja tu la Kesia, na wale wenzake wangetuacha sisi na kumgeukia yeye.

Philemon akanong'ona, "Kesia, sema. Sema tuokoke."

(Ni kweli nilisema. Ingekuwa ni mimi, ningemtaja.)

Kesia hakusema. Alimtazama, kisha akatazama pembeni, kama mtu aliyemfananisha tu. Tukakaa. Kuni zikapasuka motoni. Nilisikia kila mtu anavyopumua, na Siwi bado ananibembeleza, sema ndiyo, sema ndiyo. Nikamgeukia Kesia nikamwambia kwa sauti, "Ananiambia niseme ndiyo." Akanijibu, "Najua. Mwambie asubiri."

Yule mtu akasema, "Zimeni moto."

Mondo akageuka. "Umesema?"

"Nimesema zimeni moto. Hawa ni wagonjwa. Mimi siwezi."

Akaondoka. Nyuma yake akaondoka mwingine, kisha wawili, na Mondo akabaki ameshika chuma ambacho kilikuwa kinapoa. Sitakuambia yule mtu ni nani. Usikisie, na usimuulize Kale.

Kesia akatuinua. "Msikimbie. Tembeeni kama mnatoka sokoni." Philemon akambeba Shangazi mgongoni. Tulitembea tumewapa mgongo, na kila hatua nilingoja jiwe la kisogo. Halikuja. Tulipofika kwenye daraja tukaona moshi juu. Ilikuwa nyumba yangu.

Siwezi kurudi kule. Hapa mjini nikimwona mtu wa ukoo wao naingia dukani hata kama sina cha kununua. Naogopa asubuhi, naogopa nikiosha vyombo. Lakini namezea dawa mezani sasa, mbele ya watu.

Wewe hukuniambia kwa nini huwezi kuja. Kazi si jibu.

Apolonia, kwa mkono wa Philemon


Kimbe
2 Oktoba 2012

Dada,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa chini. Galia ameisoma baada yangu, akaenda kuiosha sufuria moja ileile mara nyingi. Kesia, yale niliyoandika juu ya kikundi, asiambiwe. Au aambiwe. Sijui.

Galia ni mjamzito. Walimpima kliniki ya kambi, wakamkuta na virusi. Ilikuwa mwezi wa tano. Anameza dawa kwa ajili ya mtoto. Mimi sijapima. Nakwenda mpaka kwenye geti la kliniki, naona watu kwenye benchi, narudi.

Na kuna lingine. Wakati wa kuvuna naona watu kati ya michikichi. Wamesimama, wananitazama, nikisogea wanakuwa miti. Nimekuwa nikilala na panga. Siku moja nimeamka nimelishika, na Galia amesimama pembeni ya mlango, mikono tumboni, ananiita jina langu polepole kama anavyoitwa mbwa asiyejulikana. Tangu siku hiyo panga liko kwa jirani. Ndiyo kazi iliyonizuia kuja, dada. Niliogopa kukaa na wewe. Niliogopa njiani. Niliogopa utaniona.

Hapa hakuna Kesia. Hapa hakuna kikundi. Kuna kliniki na benchi.

Gande


Kundiawa
25 Oktoba 2012

Gande wangu,

Nakuandikia kwa mkono wa kushoto, nivumilie. Shangazi anamsalimu mtoto aliye tumboni, anasema awe msichana, wavulana wa kwetu wana matatizo.

Siwezi kupanda lori la Lae kuifuata meli. Nimejaribu. Nilifika stendi, nikawaona wanaume wa ukoo wao wamekaa juu ya magunia, miguu ikakataa. Kwa hiyo siji, na ninaumia kukuambia.

Fanya hivi. Nenda kliniki na Galia. Ukiingia mwambie muuguzi habari za virusi na habari za wale watu wa michikichi, zote mbili siku moja, usifiche moja nyuma ya nyingine kama nilivyofanya. Ukiona watu wanasimama kati ya miti, mwambie Galia hapohapo, kwa sauti. Panga likae kwa jirani.

Nimemuuliza Kesia kikundi chake alikianzaje. Nilidhani atataja mafunzo. Amesema, "Tulikuwa wawili tunasubiri dawa, mvua ikatuzuia kuondoka."

Niandikie ukishaingia. Usiniandikie kabla.

Apolonia


Kimbe
20 Novemba 2012

Dada Apolonia,

Nakusalimu, namsalimu Shangazi, Kesia, na Philemon mwenye mwandiko wa kuku. Galia ni mzima, anapiga miayo siku nzima na kunituma maembe mabichi.

Nimeingia. Galia alinishika mkanda wa suruali tangu nyumbani mpaka getini, kwa nyuma, watu wakatucheka. Nimepimwa, ninavyo virusi. Nilikuwa najua, lakini kulisikia ni kitu kingine, masikio yalijaa maji. Nikamweleza muuguzi na lile la michikichi. Hakunikimbia. Amenipa dawa nyingine za kichwa, na barua ya kumwona daktari Jumanne.

Nikarudi kwenye benchi kungojea dawa. Kulikuwa na mtu amekaa mwisho, mtu wa Sepik, tunavuna kitalu kimoja lakini hatujawahi kusemezana. Alikuwa ameshika kadi yake kwa mikono miwili. Aliniangalia mara moja akaangalia geti. Nilijua anachofikiria. Anapima umbali.

Nilitaka kumzuia, dada. Mimi si Kesia. Na pembeni ya macho niliona mtu amesimama kwenye michikichi. Nikamwambia Galia kwa sauti, "Yupo mmoja pale." Galia akasema, "Ni mti." Yule wa Sepik akasikia. Akageuka akanitazama vizuri.

"Na wewe unawaona?" akaniuliza.

Nikasogea kwenye benchi mpaka karibu naye. Nikamwambia jina langu. Akaniambia anaitwa Yambun.

Tulikaa hivyo mpaka tukaitwa. Ninaogopa bado, usidhani nimepona woga. Lakini alipoondoka aliuliza kama nitakuja Jumanne, nikasema nitakuja, na asiponiona aje anitafute, nyumba ya mwisho kabla ya mfereji.

Mdogo wako,
Gande